Meli ikizama na maiti isipatikane: yanayobaki nyumbani na jinsi ya kuyakabili

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikiwa njiani kwenda Pemba. Waliopanda walipita uwezo wake kwa mbali. Maiti katika hesabu rasmi zilikuwa 203. Waliopotea, kwa hesabu ya tume ya uchunguzi, ni zaidi ya 1,000. Aliyezikwa ameacha msiba. Aliyepotea ameacha msiba na maswali juu yake: mkewe ni mjane au bado ni mke wa mtu? Shamba ligawiwe? Mkopo alipe nani? Watu wakishaondoka matangani, hayo ndiyo huitafuna nyumba kwa miaka.

Tatizo la kwanza ni kuthibitisha kwamba mtu alikuwemo melini, na orodha ya abiria mara nyingi haisaidii. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, orodha iliyokuwepo ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu, walikopanda wengi, halikuwa na orodha. Kwenye kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, mkata tiketi alikufa maji na mashine yake ikapotea. Ongeza watoto waliopakatwa bila tiketi, na tiketi zilizokatwa kwa jina la mtu mwingine.

Kwa hiyo familia ijitengenezee jalada lake, na lianze wiki ile ile ya ajali. Nenda polisi ukaandikishe taarifa ya mtu aliyepotea, na usiondoke bila namba ya jalada. Tafuta aliyemsindikiza bandarini, aliyemkatia tiketi na aliyenusurika akamwona ndani. Maelezo yao yaandikwe na yawekwe sahihi mapema, kwani baada ya mwaka wengine wamehama na wengine wamesahau. Hifadhi ujumbe wa simu wa mwisho, risiti ya malipo ya nauli na picha za karibuni. Picha anayocheka ina faida kuliko ya kitambulisho, kwa sababu inaonyesha meno.

Meno yana kazi. Kwa joto la maji ya kwetu uso huvimba na kubadilika ndani ya siku mbili tatu, na ndugu aliyechanganyikiwa anaweza kumtambua asiye wake. Kosa hilo huumiza nyumba mbili: moja imezika mgeni, nyingine inangoja mtu aliyekwisha kuzikwa. Tegemea kovu, jino lililong'olewa, chuma cha mfupa uliowahi kuvunjika, pete, au mshono wa nguo ambao fundi wake anaujua. Alama za vidole zinaweza kulinganishwa na zilizochukuliwa wakati wa kitambulisho cha taifa. Kwa vinasaba, watoe sampuli wazazi au watoto wa kuzaa. Ndugu wa tumbo moja ni wa akiba. Mke au mume hana msaada hapo isipokuwa kupitia mtoto waliyezaa pamoja. Mswaki wa marehemu usitupwe.

Maiti ikipatikana, mlango wa cheti cha kifo uko wazi: kibali cha mazishi, kisha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kwa Tanzania Bara, au Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa Zanzibar. Isipopatikana, wengi huambiwa wangoje. Ni kweli kwamba sheria ya ushahidi ya Bara inataja miaka 5 bila habari za mtu, na ya Kenya miaka 7. Lakini muda huo umewekwa kwa ajili ya aliyetoweka pasipo kujulikana yaliyompata. Aliyeonekana akipanda meli iliyozama ana tukio, tarehe na mashahidi, na familia inaweza kuiomba mahakama ikubali kifo kwa ushahidi huo. Hapo ndipo jalada la wiki ya kwanza linapolipa.

Mjane wa Kiislamu ana jambo lake. Eda ya kufiwa ni miezi 4 na siku 10, au hadi kujifungua kwa mwenye mimba. Mume akiwa hajulikani alipo, asijihesabie eda kwa kukisia wala kwa maneno ya mashemeji. Aende kwa kadhi, apate uamuzi wa maandishi. Mashemeji wakisema ndugu yao bado hai ilhali wanavuna minazi yake, karatasi hiyo ndiyo itakayomsemea.

Mirathi ya meli ina mtego ambao watu hawautazamii: waliokufa pamoja. Wanazuoni wengi wa Kisunni, Mashafii wakiwemo, wanasema ndugu waliokufa maji pamoja bila kujulikana nani alitangulia hawarithiani. Chukua mume aliyezama na mwanawe wa kiume wa pekee, akaacha mke, mama wa mtoto huyo, na kaka zake, wazazi wakiwa walishafariki. Isipojulikana nani alitangulia, mke anapata robo, yaani sehemu 6 kati ya 24. Ikithibitika kwamba mtoto aliishi baada ya baba hata kwa saa moja, mke anapata thumni, yaani moja ya nane, kwa mumewe, kisha thuluthi ya alichorithi mtoto: sehemu 3 na sehemu 7, jumla 10 kati ya 24. Ushahidi wa mtu mmoja aliyeshikilia godoro pamoja na yule mtoto hadi alfajiri unaweza kuibadili hesabu nzima, basi aulizwe.

Kwa mirathi ya Mahakama ya Mwanzo Bara, ukoo hukaa, huandika muhtasari na kupendekeza msimamizi. Akishateuliwa ana miezi 4 kuwasilisha orodha ya mali na hesabu ya mgao, Fomu namba V na VI. Madeni yatangulie mgao. Kabla ya kulipa mkopo wa benki uliza kama ulikuwa na bima ya maisha, maana mingi inayo na benki haikukumbushi. Na ukiletewa mkono wa pole na mwenye chombo, soma karatasi kabla ya kutia sahihi. Ikisema hutadai tena, usitie.

Kuhusu watoto, neno "baba amesafiri" liachwe kabisa. Ni kweli alisafiri, na ndiyo maana mtoto atangoja arudi, kisha ataogopa kila anayebeba begi. Mtoto aliye chini ya miaka 5 hajaelewa kwamba kifo hakina kurudi, hivyo aambiwe kwa maneno mafupi, tena na tena: meli ilizama, baba amekufa, harudi, na wewe utakaa na mama na bibi.

Mtaalamu wa tiba ya familia wa Marekani Pauline Boss alieleza tangu miaka ya 1970 jinsi msiba usio na uhakika unavyomkwamisha mtu: akiomboleza anajiona amemsaliti, akingoja hawezi kuishi. Kwa hiyo fanyeni ibada hata bila maiti, swala ya ghaibu au misa ya kumwombea marehemu, na mtafute mahali pa kudumu pa kwenda, kama makaburi ya Igoma, Mwanza, kwa familia za MV Bukoba. Shirika la Afya Duniani linahesabu huzuni kuwa ugonjwa ikipita miezi 6 bila kulegea, kupita desturi ya jamii husika, na ikiwa inamzuia mtu kufanya kazi zake. Mtu wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya.

Kwa wakazi wa visiwani, hofu ya chombo haikwepeki, kwa kuwa mara nyingi hospitali ya rufaa na chuo viko ng'ambo. Anayetetemeka akisikia honi aanze kwa kukaa bandarini na mtu anayemwamini mpaka moyo utulie, siku nyingine apande chombo kilichofunga gati na kushuka, kisha avuke safari fupi mchana, bahari ikiwa shwari. Asisukumwe kwenye safari ndefu ya kwanza kwa dawa za usingizi, kwani huamka na hofu ile ile. Na achague mwenyewe siti karibu na mlango, avae jaketi la uokozi tangu mwanzo hata kama abiria wengine wanamtazama.