Inveta kabatini na dhana nyingine potofu za ufungaji wa sola

Mama mmoja wa Kigamboni alinipigia simu mwezi wa pili, joto la Dar likiwa limekolea. Inveta yake ya kilowati 5, mashine inayogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa nyumbani, haijamaliza hata mwaka, kila ikifika saa saba mchana inalia, inaonyesha alama ya hitilafu, inazima. Jioni inarudi kazini kama vile hakuna kilichotokea. Fundi wa kwanza alimwambia kauziwa feki. Wa pili alimshauri aongeze paneli. Nilipofika nikaoneshwa kabati la mninga chini ya ngazi, milango miwili, vitasa vya shaba. Nilipolifungua, joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria ya wali. Inveta ilikuwa humo, mbavu zake zimegusana na mbao, na juu yake kumewekwa vikapu viwili na mwavuli.

Mashine ilikuwa nzima, inajikinga tu isiungue. Nikaacha milango wazi, nikaelekeza feni ya mezani, na baada ya muda ikawaka.

"Fundi, hilo kabati limenigharimu," akasema.

"Pole mama, lakini itabidi tulitafutie kazi nyingine."

Maneno yafuatayo huyasikia kila mara kwa wateja, na mengine, naona aibu kusema, kwa mafundi wenzangu.

"Ikiwa kabatini inakuwa salama, na nyumba inapendeza"

Inveta ya aina hii hupoteza kama asilimia 7 ya umeme inaoubadilisha. Ikibeba kilowati 5 kamili, karibu wati 375 zinageuka joto. Chukua balbu nne za zamani, zile za wati 100 zenye kiwaya kinachowaka chekundu, zifungie kabatini, kisha urudi baada ya saa moja. Ndivyo inavyoishi inveta iliyofungiwa humo. Feni zake haziumbi ubaridi, zinahamisha joto tu, na kabatini hakuna pa kulihamishia: hewa iliyotoka motomoto ndiyo hiyohiyo inayovutwa tena.

Mashine nyingi huanza kupunguza nguvu joto linaloizunguka likikaribia au kuvuka nyuzi 45, na likizidi hujizima. Huko kuzima ndiko kunakoonekana. Kisichoonekana ni kapasita za ndani, vipande vidogo vinavyohifadhi chaji, ambazo kwa kanuni ya mafundi wa elektroniki hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Kwa hiyo hata kabati ambalo halijawahi kuzima mashine linaweza kuwa linaila taratibu.

Nafasi inayotakiwa imeandikwa kwenye kitabu kinachokuja na mashine, kile ambacho hubaki ndani ya boksi hadi boksi linapotupwa. Kwa inveta nyingi za kilowati 5 zinazouzwa kwetu, kitabu kinataka sentimita 20 kila ubavu na sentimita 50 juu na chini. Kama huna futi kamba, ni shubiri moja ya mtu mzima kila upande, na dhiraa moja na ushei juu na chini. Nyingine zina vipimo tofauti, kwa hiyo fuata kitabu cha mashine yako. Kama una inveta mbili, zipange sambamba, zisipandane kama vitanda vya bweni: ya juu itakuwa inavuta pumzi ya ya chini.

Na mbele yake pia pawe wazi. Fundi wa kuitengeneza anahitaji kusimama, kufungua kifuniko na kurudi nyuma ghafla ikibidi. Nimewahi kukaza lagi, kile kichwa cha chuma cha mwisho wa kebo, nikiwa nimelala ubavu juu ya magunia ya mkaa, siombei mtu.

"Ukuta wowote unafaa mradi msumari ushike"

Mbao na bodi ya jipsamu si mahali pake. Vitabu vingi hutaka ukuta wa zege, tofali au kitu kingine kisichoshika moto, maana siku lagi ikilegea na kuanza kuwaka, kinachoamua kama utapoteza mashine au nyumba ni kile kilicho nyuma yake.

Kama betri zako ni za maji ya asidi, usitundike inveta juu yake moja kwa moja. Zikichajiwa hutoa haidrojeni, ambayo inashika moto, pamoja na mvuke unaokula shaba. Zikae upande, penye hewa inayopita.

"Hii ni IP65, hata mvuani inakaa"

IP65 inasema vumbi haliingii na maji yakirushwa hayapenyi. Haisemi chochote kuhusu jua la saa nane. Mashine iliyofungwa ukuta wa magharibi bila kivuli itapunguza nguvu wakati uleule paneli zinapotoa umeme mwingi, nawe utalaumu paneli. Iwekee kivuli kisichoziba hewa. Na zile za ndani, zilizoandikwa IP20 au IP21, hata barazani zisitoke, hasa kwa watu wa Lamu, Unguja na Kigamboni ambako upepo una chumvi. Mjusi naye hupenda joto lake usiku. Nimewatoa wawili, wamekauka kama ng'onda, wameunganisha njia mbili za bodi ambazo hazikupaswa kukutana.

"Sola ni volti ndogo, waya wowote utabeba"

Hapa ndipo penye moto wenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Volti ndogo maana yake ni ampea nyingi. Kilowati 5 kwenye betri ya volti 48 ni zaidi ya ampea 100, na ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta inakuwa kama 112. Betri ikishuka hadi volti 44 inapita 120. Huo ni mkondo wa kebo nene ya shaba, kwa kawaida ya milimita 35 za mraba. Sasa anakuja mtu na kebo ya 16 iliyobaki kwenye kazi nyingine. Kama betri iko mita 3, umeme unakwenda mita 3 na kurudi mita 3, na kebo hiyo itapoteza kama wati 80 njiani, kutwa nzima, ikipasha moto plastiki yake yenyewe. Ya 35 ingepoteza chini ya nusu. Ndiyo maana betri inasogezwa karibu na inveta, na si kebo inayorefushwa.

Lagi nazo zibanwe kwa mashine ya kubania lagi. Nyundo haibani lagi, inaipondaponda. Kisha kazeni kwa spana ya kipimo, kitabu kinasema ngapi, na mrudi kukagua baada ya wiki chache.

Halafu kuna upande wa paneli, ambako "volti ndogo" si kweli kabisa. Paneli 9 za kisasa zikiunganishwa mfuatano zinapita volti 400, na kukishapambazuka huwezi kuzizima. Unaweza kukata mkondo usifike kwenye inveta, lakini waya zinazoshuka kutoka paani zina umeme hadi magharibi.

"Breka ni breka"

Nilifungua boksi moja Mbagala nikakuta breka ya kawaida ya nyumbani kwenye waya za paneli, plastiki yake imeyeyuka na kuning'inia kama nta. Mwenye nyumba alikuwa ameizima mchana, kama anavyozima taa.

Umeme wa TANESCO, yaani AC, hugeuza mwelekeo na katika kugeuka hupita sifuri mara 100 kwa sekunde. Breka ya AC ikifunguka, cheche inayoruka kati ya vyuma vyake hufa katika moja ya hizo sifuri. Umeme wa paneli, yaani DC, hauna sifuri. Cheche ikishawaka inaendelea, mfano wa moto wa mchomeleaji, mpaka kitu kiyeyuke vya kutosha kuachana. Breka ya DC ina chumba na sumaku za kuivuta cheche hiyo ndefu hadi ikatike. Angalia iandikwe DC, na volti zake ziwe juu ya za mfuatano wako wa paneli. Nyingine zina alama ya kujumlisha na kutoa: ukizigeuza, sumaku inaisukuma cheche upande usio na chumba, ukarudi palepale pa Mbagala.

Fyuzi ya betri nayo ikae karibu na betri yenyewe, kwa sababu kipande cha kebo kilicho kabla ya fyuzi hakilindwi na chochote.

"Nchi ya baridi haina shida, shida ni joto"

Waulize watu wa Njombe. Paneli ikipoa, volti zake hupanda. Tuseme una paneli 10, kila moja volti 49.5 bila mzigo kwa nyuzi 25: jumla 495, na inveta yako inasema mwisho 500. Kwenye karatasi imekubali. Asubuhi ya mwezi wa saba, nyuzi 5, jua linachomoza, volti zinapanda kwa asilimia 5 hivi na kufika kama 520. Inveta inakufa kabla ya chai. Paneli 9 zingefika kama 470, na mashine ingekuwa hai. Dar es Salaam hesabu hiyohiyo ingeweza kupita miaka bila kuonekana ni kosa.

"Nimeona kwenye video"

Video nyingi nzuri ni za Marekani, na kanuni zao za umeme zina faida: zinataka mbele ya kifaa kiwe na nafasi ya futi 3, kama sentimita 90, ambayo haitamdhuru mtu wa Tabata. Tatizo ni rangi. Kule waya mweusi ni laivu, unaoleta umeme, na mweupe ni nyutro, unaourudisha. Kwenye nyumba zetu za zamani, zilizofungwa kwa mtindo wa Kiingereza, mweusi ni nyutro na mwekundu ni laivu. Mpya zina kahawia na bluu. Anayeiga video bila testa anaweza kuushika mweusi akidhani anajua ni upi.

"Sola haina haja ya eathi"

Fremu za paneli na mwili wa inveta vinahitaji eathi kama friji inavyohitaji. Linalosahaulika ni nyutro. TANESCO wakikata na inveta ikaanza kula betri, kwenye mashine nyingi nyutro ya nyumba hubaki inaelea, haijashikana na eathi popote. Hapo kile kifaa cha kukata umeme mtu anaponaswa kinaweza kukaa kimya, kwa sababu umeme uliovuja hauna njia ya kurudi. Baadhi ya inveta zina rilei, yaani swichi ya ndani inayojiendesha, inayounga nyutro na eathi wakati wa betri, nyingine hazina. Muulize fundi wako zako zinafanyaje. Akishangaa swali, tafuta mwingine.

Na hilo la kutafuta mwingine lina utaratibu. Kenya, tangu kanuni za sola za 2012, fundi hupewa leseni kwa madaraja ya T1, T2 na T3, na T3 ndiyo inayogusa mifumo mikubwa na ya kuungwa na gridi. Leo leseni hizo zinasimamiwa na EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta ya Kenya. Tanzania leseni za ufungaji umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Omba kuiona kabla hujatoa malipo ya awali, sio baada.

Kule Kigamboni tuliihamishia inveta kwenye ukuta wa tofali wa korido ya nyuma, hatua nne kutoka ilipokuwa. Pembeni yake tukabandika karatasi ya namna ya kuzima: kwanza vyombo vya ndani, kisha swichi ya paneli, betri mwisho, kwa sababu mashine nyingi hazipendi kuondolewa betri paneli zikiwa bado zinasukuma. Mwandiko ni wa binti wa mama huyo, yuko darasa la sita. Kabati la mninga limejaa viatu.