Ganzi ya mtoto wa jicho: maswali tunayoulizwa kliniki ya macho, Kisumu

Mtoto wa jicho ni nini?
Ni ukungu ulioingia kwenye lenzi ya jicho, mara nyingi kwa sababu ya umri. Hakuna dawa ya matone inayouondoa. Lenzi hiyo hutolewa kwa upasuaji, ikawekwa ya plastiki.

Nitalazwa usingizi?
Mtu mzima kwa kawaida halazwi. Unapasuliwa ukiwa macho, jicho limekufa ganzi. Sindano haichomwi ndani ya jicho bali pembeni yake. Utahisi kusukumwa na kuwashwa kidogo, kisha kope inalegea. Na jicho halitolewi nje likawekwa kwenye sahani, hata kama mlisimuliana hivyo kwenye matatu ya Ahero.

Ganzi yenyewe ina nini?
Lignokeini hushika upesi lakini huisha mapema. Bupivakaini hukawia kushika, ila hudumu saa kadhaa. Mara nyingi huchanganywa. Wengine huongeza haialuronidesi, kimeng'enya kinacholegeza nyama zilizo nyuma ya jicho ili dawa isambae. Jicho hutulia mapema na daktari hahangaiki nalo. Adrenalini nayo hubana mishipa ya damu ili ganzi idumu, lakini inaweza kupandisha mapigo ya moyo na kupunguza damu inayofika kwenye jicho.

Nyongeza ipi ni bora?
Kwa upasuaji wa dakika chache, mimi naona haialuronidesi ndiyo yenye faida, kwa sababu tunachotaka ni jicho litulie. Adrenalini kwa mzee mwenye presha au moyo mbovu ni ya kutafakari mara mbili. Kwa hiyo usitufiche dawa unazomeza, hasa za presha na za kuzuia damu kuganda, wala usiziache kwa uamuzi wako.

Naogopa sindano. Si ningoje mtoto wa jicho akomae kwanza?
Usingoje. Ushauri wa kungoja akomae ni wa zamani, na bado tunausikia kila wiki. Lenzi iliyokomaa huwa ngumu, upasuaji unachukua muda mrefu, na ganzi inatakiwa idumu zaidi. Aliyeogopa sindano ndiye anayejiongezea kazi ya sindano.

Lakini jicho haliniumi.
Usingoje liume! Lenzi iliyovimba inaweza kuziba njia ya maji ya jicho, presha ndani yake ikapanda na kuua mshipa wa kuonea. Hapo jicho linauma sana, unatapika, na mwanga uliokwisha kupotea hata lenzi mpya haiurudishi. Wazee huletwa wakiwa hivyo, wameshikwa mkono na mjukuu, na familia inasema walisubiri mavuno.

Basi ningoje jicho la pili nalo lififie, nifanyiwe yote mara moja?
Hapana. Hapana tena. Ukishindwa kumtambua mtu uso au kuvuka barabara, muda umefika. Njoo na jicho hilo moja.

Nimeshatia asali na maji ya majani. Nije?
Njoo leo, na useme ulitia nini. Vitu hivyo, pamoja na maziwa ya mama, vinaweza kuleta kidonda kwenye kioo cha jicho (ile sehemu angavu ya mbele, si lenzi), na jicho lenye kidonda hatulipasui mtoto wa jicho mpaka litibiwe kwanza. Acha kutia kingine chochote njiani.