Manifodi haisuguliwi kama sufuria

Wiki iliyopita kaka mmoja kaniletea manifodi ya hewa, yaani bomba linalogawa hewa kwa silinda, ya injini ya Toyota 4A-FE, imeviringishwa kwenye taulo kama mtoto mchanga. Kaifungua taratibu. Ndani inang'aa, ukichungulia unaliona jicho lako. Kalipia siku tatu za kuisugua.

"Fundi, tukiifunga hii itaongeza farasi wangapi?"

Kwa mng'ao? Hakuna. Na huyu ni wa nne mwaka huu, ndiyo maana leo naandika badala ya kula.

Hewa inayogusa ukuta wa manifodi karibu imesimama. Kuna tabaka jembamba linalojikokota pale, na inayokimbia ni ile ya katikati. Ukitoka msasa namba 80 ukaenda mpaka mng'ao wa kioo, umebadilisha kitu kisichofikia unene wa unywele, mahali ambapo hewa imeshajilalia. Vinundu na mshono uliobaki kiwandani, sawa, viondoe kwa grenda ndogo. Nusu saa inatosha.

Wapo wenzangu wanaosema kioo kinapunguza nguvu, kwamba petroli inashikana ukutani ikawa matone. Kwa kabureta nawakubalia, maana petroli inasafiri manifodi nzima. Lakini 4A-FE ina nozeli za petroli karibu kabisa na valvu, kwa hiyo kwenye mikono ya manifodi, yale mabomba ya kwenda kila silinda, inapita hewa tupu. Hoja yao inabakiwa na sentimita chache za mwisho. Mimi namalizia kwa namba 80 kwa sababu nilifundishwa hivyo. Tofauti sijawahi kuipima, na anayesema ameisikia kwa mguu wa kulia namnunulia chai tu, sibishani.

Kilichoniuma roho ni mdomo, pale manifodi inapofungwa kwenye hedi, yaani kichwa cha injini. Aliyesugua aliweka gasketi, ile ya kuziba maungio, juu ya manifodi, akachora duara, akachimba mpaka kwenye mstari. Matundu ya gasketi hukatwa makubwa makusudi ili kingo zake zisichungulie njiani. Hicho si kipimo cha kuchongea! Na hedi haikuguswa. Nikachukua kadibodi ya boksi la plagi, nikaikata sawasawa na tundu la hedi, nikaiweka kwenye mdomo wa manifodi yake. Ikatumbukia ndani.

Kaka akanyamaza.

Maana yake hewa inakuja mbio, inafika kwenye hedi inagonga ngazi pande zote. Ingekuwa kinyume, manifodi iwe ndogo kidogo kuliko tundu la hedi, madhara ni madogo, na wapo wanaoacha hivyo makusudi ili hewa inayorudishwa nyuma ikwame. Na hata ukipanua pande zote mbili sentimita moja ya mwisho tu, umetengeneza tumbo: hewa inapunguza mwendo, halafu inabanwa tena.

Mwendo ndio mali. Kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika kila silinda inavuta mara 25 kwa sekunde. Valvu ya kuingiza hewa hujifunga wakati pistoni imeshaanza kupanda, na kinachoendelea kujaza silinda muda huo ni msukumo wa hewa yenyewe. Panua njia ovyo, hewa inakuwa goigoi, pistoni inairudisha ilikotoka.

Urefu nao una mambo yake. Mikono mirefu inasaidia mizunguko ya chini na ya kati, mifupi inasaidia juu. Toyota wao hawakugusa urefu, walicheza na upana wa njia: injini za 4A-GE za mwanzo zenye mfumo wa T-VIS zilikuwa na njia mbili kwa kila silinda, moja imezibwa na kipepeo mpaka injini ivuke mizunguko 4,000 na kitu. Mimi ujana wangu niliifupisha mikono ya 4A-FE yangu kwa msumeno na kuichomelea upya. Ikalia vizuri ajabu. Kufika mlima Kitonga, malori yakanipita. Mpaka leo urefu sahihi siupati kwa hesabu peke yake. Nakata, nafunga, naendesha, na mara nyingi najuta.

Anayetaka nguvu za bei rahisi aanze na joto. Hewa ikipanda nyuzi 10 inapoteza kama asilimia 3 ya uzito wake, na filta iliyo wazi juu ya injini, kwenye foleni ya Dar, inavuta tanuri. Na ukishafunga manifodi, puliza dawa ya kabureta kwenye maungio. Sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ikibadilika, panavuja.

Tukaenda Gerezani, tukapata manifodi ya mtumba. Nimeiosha na kuifunga kama ilivyo. Mkono wa silinda ya tatu una mshono mdogo, nimeuacha. Jana usiku kaka kanipigia simu: gari iko poa, ila huo mshono, fundi, hatuwezi kuupiga msasa walau kidogo?