Ziwa Tulivu, Vilima vya Wastani: Dhana Potofu Kuhusu Matembezi na Watoto

Ziwa lililotulia, lenye vilima vya wastani pembeni, ni mahali pazuri mno pa kumzoesha mtoto kutembea nje. Kuna maji ya kutazama, mawe ya kurusha na mwinuko usiotisha. Ndiyo maana familia nyingi hupapenda, na ndiyo maana pia maandalizi hupuuzwa: utulivu wa mahali huchukuliwa kuwa wepesi wa safari. Dhana zifuatazo husikika mara kwa mara, na natamani kila mzazi azifikirie kabla hajafunga kamba za viatu vya mwanawe.

"Njia inazunguka ziwa tu, kwa hiyo ni tambarare"

Kilicho tambarare ni maji. Ukingo una vighuba, vijito vinavyoingia ziwani, sehemu za matope, na miamba inayoilazimisha njia kupanda kisha kushuka tena. Ramani inayoonyesha eneo kubwa huzinyoosha kona hizo ndogo, hivyo umbali unaoupima nyumbani karibu kila mara huwa mfupi kuliko ule mtakaoutembea.

Tatizo kubwa zaidi ni mduara wenyewe. Mkifika upande wa pili mtoto akagoma, mlikoanzia mnakuona ng'ambo ya maji, ila njia ya mkato haipo. Kurudi ni nusu ya safari, kuendelea nako ni nusu ya safari. Kwa familia yenye mtoto wa chini ya miaka sita au saba, napendekeza njia ya kwenda na kurudi hata kama ziwa linazungukika. Fuateni ukingo, geuzeni wakati mtoto bado anachangamka na angali anataka kuendelea. Kwenye mduara, nafasi hiyo ya kugeuza hupungua kwa kila hatua hadi mnapofika nusu, na hapo haipo tena.

"Kilomita tano ni saa moja"

Kanuni ya wapanda milima iliyodumu kuliko nyingi ni ya William Naismith wa Scotland, aliyeitoa mwaka 1892: takriban saa moja kwa kila kilomita 5, kisha saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo kilomita 5 zenye mwinuko wa mita 300 ni saa moja na nusu, tena kwa mtu mzima mwenye afya njema asiyesimama njiani. Mtoto hatembei hivyo. Hukimbia, huchuchumaa kutazama sisimizi, huokota vijiti, hudai kubebwa, kisha hukimbia tena. Mimi ningeizidisha hesabu hiyo mara mbili, na kwa wadogo zaidi mara tatu. Kule kuchuchumaa si kupoteza muda. Kwa mtoto, hayo ndiyo matembezi.

Wala msitegemee kwamba mteremko utawarudishia muda. Kushuka huilazimisha misuli ya mapaja kufunga breki kwa kila hatua, na maumivu ya siku ya pili mara nyingi hutokana na huko. Miguu iliyochoka huteleza. Tena, vilima vikiwa upande wa magharibi, kivuli huingia bondeni mapema kabla ya machweo, na baridi huandamana nacho.

"Aliyebebwa mgongoni yuko salama na ana joto"

Hii ndiyo dhana inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu anayedanganyika ni mzazi mwenye upendo. Anayepanda kilima anatoa jasho. Misuli yake inazalisha joto jingi. Mtoto aliye mgongoni amekaa tu. Zaidi ya hapo, mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, hivyo hupoteza joto haraka. Ukisubiri wewe usikie baridi ndipo umvalishe mtoto, umechelewa.

Wengi hudhani hatari hiyo ni ya milima mirefu peke yake. Joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo kilima cha mita 300 kinakuondolea nyuzi mbili hivi tu. Kinachopoza mwili katika vilima vifupi ni upepo na unyevu. Mtoto aliyelowa, akipigwa na upepo, anaweza kupoteza joto la mwili kwa kiwango cha hatari hata hewa ikiwa na nyuzi 10 za Selsiasi. Nguo za pamba hushika maji na kukawia kukauka. Bebeni nguo moja kavu ya akiba kwa kila mtoto, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mpime kwa kugusa kifua au shingo kwa nyuma, maana viganja huweza kuwa baridi hata mwili ukiwa sawa.

Jua kali nalo lina mtego wake. Kumfunika mtoto mchanga kwa kitambaa kizito ili apate kivuli huzuia hewa na kumpandisha joto. Kofia yenye ukingo mpana inafaa zaidi. Mawingu mepesi pia yasiwahadae, kwani sehemu kubwa ya mionzi inayounguza ngozi hupenya.

"Akianza kuzama tutasikia"

Hamtasikia. Anayezama kwa kawaida hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo huibuka juu ya maji kwa muda usiotosha kuvuta pumzi na kuita, na mikono husukuma maji pembeni ili mwili usizame. Kwa mtoto mdogo, maji ya kina cha sentimita chache yanatosha kuua. Watu wazima wengi wakiwepo, ulinzi huweza kupungua badala ya kuongezeka, kwa kuwa kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Mtajeni mtu mmoja kwa jina kuwa ndiye mlinzi wa maji, akae mahali ambapo mkono wake unamfikia mtoto, na simu aiweke mbali. Maboya ya kujaza pumzi si vifaa vya uokoaji. Upepo huyasukuma kuelekea katikati ya ziwa kwa kasi kuliko mtu anavyoweza kuogelea.

"Maji maangavu ni masafi"

Vimelea havionekani kwa macho. Katika maeneo yenye kichocho, konokono wa maji yaliyotulia hutoa vimelea vichanga vinavyopenya ngozi, kwa hiyo hata kuchezesha miguu majini kunatosha kuambukizwa. Waulizeni wakazi wa eneo au ofisi ya afya kabla ya kuwaruhusu watoto waingie. Maji ya kunywa bebeni ya kutosha. Mkilazimika kutumia ya ziwani, yachemsheni hadi yatokote kwa dakika moja, au dakika tatu mkiwa juu ya mita 2,000. Ila penye utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika, msiyaguse kabisa: huenda ni bakteria wanaotoa sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi.

"Mvua bado iko mbali"

Radi inaweza kupiga kilomita zaidi ya kumi kutoka penye mvua. Mkisikia ngurumo, tayari mko ndani ya eneo la hatari. Shukeni kutoka kileleni, ondokeni majini na ufukoni, na msijikinge chini ya mti ulio peke yake. Mahali pa kukimbilia ni jengo imara au gari lililofungwa, na kusubiri ni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

"Tuna simu"

Mabonde kati ya vilima mara nyingi hayana mtandao. Simu inaweza kuonyesha mlipo kwa setilaiti bila mtandao, mradi ramani mliipakua mapema na betri haijaisha. Kupiga simu ni jambo jingine. Kwa hiyo mwachieni mtu nyumbani taarifa ya njia mtakayofuata na saa ya kumpigia mkirudi, na kila mtoto avae filimbi shingoni. Ishara ya dhiki inayojulikana milimani katika nchi nyingi ni milio sita ndani ya dakika moja, kunyamaza dakika moja, kisha kurudia.

Mfundisheni pia kwamba akipotea asiendelee kutembea. Nchini Marekani, mpango ulioanza mwaka 1981 huwafundisha watoto kukumbatia mti na kubaki hapohapo, kwa sababu mtoto aliyetulia sehemu moja hupatikana upesi kuliko anayezunguka. Mweleze waziwazi kwamba hutamgombeza, maana wapo watoto wanaojificha wakisikia wanaitwa, kwa hofu ya kuadhibiwa. Fanyeni zoezi hilo nyumbani kabla ya safari: filimbi, mti, kusubiri.