Mkopo usio na riba bado ni deni
Wapo wakulima wa pamba wa Magu, Misungwi na Sengerema, mkoani Mwanza, wanaoamini kwamba mkopo wa halmashauri kwa vikundi, kwa kuwa hauna riba, haurudishwi. Imani hiyo inaeleweka, maana mbolea ya ruzuku nayo hutoka serikalini na hakuna anayedaiwa ruzuku hiyo baada ya mavuno. Lakini mkopo huu hutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na marejesho ya kikundi kimoja hukopeshwa kingine. Mwenye shaka asome mkataba kabla ya kutia saini, kisha amuulize afisa maendeleo ya jamii wa kata, hasa kuhusu tarehe za marejesho, kwani pamba huuzwa kwa msimu.