Nyumba ya kulaza wageni na bima inayoifaa

Wenye nyumba za Paje, Jambiani na Nungwi wanaopangisha wageni kwa siku tatu au nne hunijia wakitaka kujua kampuni ipi ina ada nafuu. Mimi ni dalali wa bima hapa Unguja, na kabla ya kutaja bei yoyote huwaomba wanioneshe kwanza walichoandika kwenye fomu ya maombi, pale panapoulizwa matumizi ya jengo.

Mteja mmoja wa Jambiani, aliyeniletea jalada lake baada ya hasara, alikuwa ameandika "makazi ya familia", kwa sababu ndivyo ilivyokuwa siku alipokata bima, na kwa miaka minne alilipa ada bila kukosa. Moto ulianzia kwenye jiko la gesi, ukapanda kwenye makuti na kuteketeza baraza na vyumba viwili. Mtathmini wa hasara alipofika alikikuta mezani kitabu cha wageni, ukingo umeungua lakini kurasa za ndani ni nzima, zimejaa majina ya watu waliotoka Italia, Poland na Afrika Kusini, akakipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Madai yakakataliwa. Niliisoma barua ile mara mbili na sikupata hoja ya kuipinga, kwani anayekata bima ana wajibu wa kueleza kila jambo linaloweza kubadili uamuzi wa kampuni, na kulaza watu usiowafahamu kwa malipo ni jambo la aina hiyo hasa. Kwa hiyo, matumizi ya nyumba yakibadilika, ijulishe kampuni kwa maandishi na usitosheke na jibu la simu. Dai hati ya nyongeza inayotaja wageni wa muda mfupi.

Wengi hunijibu kwamba Airbnb, mtandao wanaotumia kupata wageni, inawakinga. Mpango wao uitwao AirCover hutaja hadi dola milioni 3 kwa uharibifu uliofanywa na mgeni na hadi dola milioni 1 kwa dhima ya mwenye nyumba, yaani fidia anayodaiwa mgeni au mtu mwingine akiumia au mali yake ikiharibika, lakini ile sehemu ya uharibifu Airbnb wenyewe wanaeleza kuwa si bima, haigusi uchakavu wa kawaida wala maafa ya asili, na dai lake hutakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 14 tangu mgeni aondoke. Mgeni uliyekubaliana naye moja kwa moja kwa WhatsApp hayumo kabisa. Vivyo hivyo, bima ya safari ya dola 44 ambayo wageni wa kigeni wanatakiwa kuilipia tangu Oktoba 1, 2024 wanapoingia Zanzibar humhudumia msafiri mwenyewe. Haikukatwa kwa ajili ya paa lako.

Ningekuwa mimi mwenye nyumba, ningeanza na bima ya dhima kabla hata ya bima ya moto. Hasara ya jengo ina mwisho wake, nao ni thamani ya jengo, ilhali mgeni aliyeteleza usiku kwenye ngazi za bwawa zisizo na taa akavunjika mgongo anaweza kukudai fedha zinazozidi nyumba yote. Hakikisha mkataba unalitaja bwawa kwa jina, pamoja na baiskeli au kayaki unazowaazima wageni.

Kwenye wizi kuna mtego. Mikataba mingi hulipa tu pale penye alama za kuvunja mlango au dirisha, na mgeni aliyeondoka na televisheni aliingia kwa ufunguo uliompa wewe mwenyewe. Uliza waziwazi kama wizi wa mgeni umo.

Kiasi cha bima kihesabiwe kwa gharama ya kujenga upya, bila bei ya kiwanja. Nyumba ya kujengwa kwa shilingi milioni 200 ikikatiwa bima ya milioni 100, kisha ikapata hasara ya milioni 40, utalipwa milioni 20, kwa kuwa nusu nyingine umejibebea mwenyewe. Mji Mkongwe kosa hili ni kubwa zaidi, kwani kuta za mawe na chokaa na dari za boriti hurudishwa kwa mafundi na vifaa ambavyo bei yake haifanani na ya matofali ya saruji.

Nawasihi pia wasiache kipengele cha upotevu wa mapato, na waangalie muda wake. Nyumba ikiungua mwezi Machi, masika huzuia kazi ya paa hadi mwishoni mwa Mei, mafundi huanza Juni, na wageni wa Julai na Agosti huwa wameshahamia kwingine. Fidia ya miezi mitatu hukatika kabla paa halijakamilika, ndiyo maana mimi huomba miezi 12, na humtaka mwenye nyumba aanze leo kutunza kumbukumbu za malipo ya kila mgeni, kwa kuwa kampuni itakokotoa fidia yake kutoka humo.