Mamalia wa baharini hukaa wapi? Tazama upepo kwanza

Mwanafunzi wa sekondari hapa Mbeya ukimwuliza habari za mkondo baridi wa Benguela, ule wa pwani ya kusini-magharibi mwa Afrika, atakujibu bila kusita: umechangia kuleta Jangwa la Namib. Jibu ni sahihi, ila limeishia ufukweni. Mbele ya jangwa hilo, bahari imejaa sili, pomboo na nyangumi.

Chanzo ni upepo. Ule wa kusini huvuma sambamba na pwani, na kwa kuwa dunia inazunguka, maji ya juu husukumwa kushoto, mbali na nchi kavu. Nafasi yake huchukuliwa na maji baridi kutoka kina cha mita 200 hadi 300, yenye naitrojeni na fosforasi, virutubisho vile vile ambavyo mkulima wa Mbozi hununua kwenye mfuko wa mbolea ya DAP. Yakifika kwenye mwanga, planktoni, viumbe vidogo sana vinavyoelea majini, hustawi, dagaa huongezeka, na walao dagaa hufuata. Hata Ziwa Nyasa lina jambo linalofanana na hili: kuanzia Mei hadi Agosti kusi husukuma maji ya juu kuja upande wetu wa Kyela, na maji ya kina hupanda kule mwisho wa kusini.

Hata hivyo wanyama hawa hawajatawanyika sawasawa. Sili wa Cape hutaka chakula kiwe karibu na mahali pakavu pa kuzalia. Kwenye rasi ya Cape Cross, Namibia, wanaweza kufika 200,000. Jike huzaa Novemba au Desemba, kisha humwacha mtoto nchi kavu na kwenda kuvua kwa siku kadhaa. Samaki wakihamia mbali, mtoto hushinda njaa, na wengi hufa.

Pomboo wa Heaviside, asiyepatikana kwingine duniani, asubuhi huwa karibu na ufukwe. Alasiri huelekea maji ya kina, kwa sababu samaki anaowapenda hukaa chini mchana na kupanda usiku. Anayehesabu pomboo hao asubuhi tu atachora ramani ya uongo.

Pwani ya Tanzania ni ya maji ya joto. Nyangumi wa nundu huja kati ya Julai na Novemba kuzaa, wala hawali sana. Nguva wa Rufiji na Kilwa hawategemei maji ya kina. Hula nyasi za baharini, hivyo watafute kwenye maji mafupi yaliyotulia.